Mama Asiyeimba

Kila Jumatatu, kabla ya kengele ya kwanza, Kamusi alifunga kamba kutoka dirisha moja la darasa la saba hadi dirisha jingine, akaanza kuanika maneno. Ndivyo walivyosema wenyewe, kuanika. Maneno hayo yaliandikwa kwenye vipande vya maboksi na kushikwa kwa vibanio vya nguo. Vipande vya wino mwekundu vilikuwa viambishi vya Kiingereza vya kukanusha, na vya buluu maneno mazima. Ukibana chekundu chenye herufi mbili, un, mbele ya neno la wema, kind, mtu mwema anageuka katili papo hapo, bila hata kujitetea.

Kamusi halikuwa jina lake. Wenzake walimbandika kwa sababu alijua maneno mengi, naye hakuchukia. Mwalimu wao wa Kiingereza pia alikuwa na lake, Bi Ushahidi, ingawa hakuna aliyethubutu kulitamka akiwa karibu. Muhula huo mwalimu alibeba madarasa mawili peke yake, kwa kuwa mwenzake alikuwa likizo ya uzazi. Miguu ilimvimba. Alisahihisha madaftari akiwa amesimama, akihofia kwamba akikaa atasinzia.

"Nikisema mtu fulani ni mkarimu, mtaniuliza nini?" aliuliza siku hiyo.

"Ushahidi!" darasa zima lilijibu.

"Tunaupata wapi?"

"Anachotenda! Anachosema! Wenzake wanavyomwona!"

"Vizuri. Mchague mtu mzima mmoja mnayeishi naye, mweleze tabia yake kwa maneno matatu ya kwenye kamba. Kila neno na ushahidi wake. Insha nzuri kuliko zote itasomwa Ijumaa ya wiki ijayo, siku ya wazazi."

Kamusi alirudi nyumbani akiitaka nafasi hiyo kwa moyo wote. Lakini kwanza alichota maji, akamwogesha mdogo wake, akapika. Mama aliingia jioni akinuka dawa ya kuondoa madoa, vidole vimechubuka. Alikuwa mfuaji wa hospitali. Mashuka ya wagonjwa wote yalipita mikononi mwake. Alikula huku macho yakijifumba yenyewe. Kamusi alimtazama sana, kalamu mkononi, akaona hakuna cha kuandika. Mama alikuwa amechoka tu, na kuchoka nako ni tabia?

Ndipo alipokumbuka boksi la chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na madaftari ya zamani ya binamu yake, mtoto wa mama mkubwa, aliyesoma kwa mwalimu huyohuyo miaka mitatu nyuma. Aliyafunua. Insha kama hiyohiyo ilikuwepo, imemsifu mama mkubwa kwa mistari iliyojaa kicheko na nyimbo. Kamusi aliinakili neno kwa neno. Alijiambia kwamba mama na mama mkubwa ni damu moja, basi sifa zao zinaweza kuazimana.

Alipata kumi na tisa kwa ishirini, akachaguliwa asome yeye. Wenzake walimpigia makofi, lakini yeye alilificha daftari haraka.

Jumanne ya wiki iliyofuata mama alirudi amechoka kuliko kawaida, ila anatabasamu.

"Nimebadilishana zamu na mwenzangu," alisema. "Alhamisi nitafanya zamu mbili mfululizo, Ijumaa nije shuleni. Haya, nionjeshe kidogo. Umeandika nini juu yangu?"

"Utasikia hukohuko, mama."

"Huko mtasoma Kizungu. Nitafsirie, mwanangu."

Hakukuwa na pa kukimbilia. Kamusi alisoma polepole, akitafsiri. Mama yangu huamka akiimba. Majirani wakigombana humwita awapatanishe. Hajawahi kukasirika hata siku moja.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kidogo bila furaha.

"Huyo ni dada yangu," alisema. "Mimi siimbi. Na nimekugombeza jana tu, kwa ajili ya mfuniko wa ndoo." Akavitazama vidole vyake. "Kwa hiyo ungependa mama yako awe yule?"

"Hapana, mama! Niliinakili tu. Sikuona cha kuandika."

"Haya," mama alisema taratibu. "Kalale."

Afadhali angepiga kelele. Lile "haya" lilimkaa Kamusi kifuani mpaka asubuhi.

Siku iliyofuata alimfuata mwalimu ofisini na kusema yote bila kujitetea. Bi Ushahidi alivuta kiti akakaa, jambo ambalo Kamusi hakuwahi kuliona.

"Insha hii niliisahihisha mimi, miaka mitatu iliyopita," alisema. "Na mara hii sikuitambua. Niliona mwandiko mzuri, nikaweka alama. Uchovu ndio uliosoma, si mimi. Kosa langu nalikubali." Alichukua kalamu, akakata ile kumi na tisa. "Na lako lina adhabu. Huna alama. Ijumaa asubuhi niletee nyingine, nitaona kama inafaa kusomwa."

"Lakini mwalimu, mama hana cha kuelezea. Amechoka tu."

"Ushahidi?" mwalimu aliuliza.

Kamusi alirudi nyumbani na swali hilo.

Jioni hiyo hakugusa kalamu kwanza, alitazama. Alimwona mama akiutandaza mkono wa sare yake ya kazi karibu na jiko ili ukauke kabla ya asubuhi. Alimwona akipakua chakula chake mwisho, na kidogo. Jirani alikuja kumwomba aangalie shuka lenye doa la damu, na mama, aliyefua mashuka kutwa nzima, akaliinamia doa hilo. Ndoo ya maji ilipoachwa tena bila mfuniko, aligomba.

"Mama, kwa nini mfuniko unakuudhi hivyo?"

"Nafua mashuka ya watoto walioharisha kwa maji machafu," mama alijibu. "Najua yanavyokuja. Sitaki shuka lako liwemo."

Kamusi aliandika hadi karatasi ikajaa, na Ijumaa asubuhi mwalimu akakubali isomwe.

Siku ya wazazi mama alikuja moja kwa moja kutoka kazini, akakaa kwenye benchi la wanafunzi, magoti juu. Hotuba ya mwalimu mkuu ilikuwa ndefu, kama kawaida yake. Zamu ya Kamusi ilipofika, mama alikuwa ameegemea ukuta, usingizi umemchukua, mdomo wazi. Wanafunzi wa nyuma walianza kucheka. Kamusi alitaka ardhi ipasuke. Kisha akafunua karatasi yake, akasoma kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili ili wazazi wote wasikie.

"Mama yangu haimbi. Hana subira, na ushahidi ni mfuniko wa ndoo. Si mchoyo, na ushahidi ni sahani yake. Neno la tatu nimelitoa kwenye kamba bila kipande chekundu. Mama yangu amechoka. Kila jioni husema atapumzika kesho, na kesho hiyo sijaiona, kwa sababu huitumia kwa ajili yetu."

Kicheko kilikatika. Mama mmoja mbele alijifuta macho kwa ncha ya kanga yake. Makofi yalipolipuka, mama alizinduka.

"Wamefika kwako?" aliuliza, akijifuta mdomo.

"Nimeshasoma, mama."

"Jamani! Nimelala. Nimekuaibisha."

"Hujamwaibisha, mama," alisema Bi Ushahidi. "Umetuletea ushahidi mwenyewe." Kisha akawageukia wanafunzi. "Nguo ya kuazima haisitiri, wanangu, na insha ya kuazima hali kadhalika. Kamusi aliazima sifa za mwingine, akakaribia kumpoteza mama aliyenaye. Andika kilicho chako, hata kama ni kidogo, maana hicho ndicho unachoweza kukitetea. Na kabla hujasema mtu hana kitu, mtazame kwanza."

Njiani kuelekea nyumbani Kamusi alimsomea mama karatasi ile, hatua kwa hatua, kwa kuwa wote wawili walikuwa wamechoka, hawakuweza kutembea haraka. Alipofika pale penye subira, mama alisimama katikati ya njia.

"Mimi sina subira? Mimi?" alifoka. "Hebu soma haraka nisikie mwisho wake!"