Rota ya Mwenyekiti

Saa moja kasorobo asubuhi, Jumamosi moja ya Agosti 1974, Kahiga alipiga stata mara nne na Datsun yake ikakataa. Akaweka mkono kwenye boneti iliyojaa umande, akaifungua, akainua kifuniko cha distributa. Rota, kile kipande kidogo kinachogawa moto kwa plagi, haikuwepo.

Ukungu ulilalia uwanja mdogo wa ndege nje ya Nyeri, na magari kumi na moja ya klabu ya mbio za magari yalionekana kama yanaelea. Konstebo Wasike wa Kiganjo, mwanachama wa klabu kwa wiki tatu tu na asiyekuwa hata na baiskeli, alikuwa akiyatazama tangu saa kumi na mbili na nusu.

Wanachama walipouliza nani kafanya hivyo, Kahiga, mwenyekiti, alimtaja Mbuvi. Fundi huyo wa Karatina, aliyekuwa bado mwanachama wa majaribio, alikuwa ameonekana akiliinamia gari hilo alfajiri. Kanuni ilikuwa wazi: anayechokora gari la mwenzake hufukuzwa.

"Kijana wa spana akae na spana zake," mmoja alisema.

Mbuvi alieleza kwamba alifika saa kumi na mbili kwa lori la maziwa, akatazama magurudumu tu. Dereva wa lori, aliyekuwa bado hapo, akathibitisha. "Miaka miwili nimeomba kuingia hapa, afande," Mbuvi akasema. "Niharibu kwa nini?"

Wasike alimwita Kahiga kando.

"Mzee, jana ulilala wapi?"

"Humo garini. Nilikuja jioni, peke yangu."

"Na kama wenzako wote, ukilala safarini unatoa rota, gari lisiibwe."

Kahiga aliingiza mkono mfukoni mwa koti.

"Boneti ilikuwa na umande mzima mpaka ulipoigusa. Haikufunguliwa leo. Rota ilitoka jana, na hapa ulikuwepo wewe tu."

Kahiga akaitoa rota. Tangu mwenzao Gatimu apinduke na gari mashindanoni mwezi wa sita, alisema, kila akishika usukani aliliona gari lile likibingirika. Mwenyekiti angesemaje anaogopa?

"Na Mbuvi?"

"Waliniuliza nani. Jina likanitoka."

"Basi waambie wewe, kabla hawajapiga kura ya kumfukuza."

Aliwaambia, kofia mkononi. Hakuna aliyecheka. Gatimu akakiri kwamba hata yeye hatulii akiendesha siku hizi. Kahiga akamgeukia Mbuvi, akamwomba msamaha mbele ya wote, akampa rota na ufunguo.

Mbuvi aliirudisha rota mahali pake, kisha akafungua mlango wa abiria.

"Kaa hapa, mzee. Mzunguko wa kwanza tutaenda polepole."