Mrehani Uliokunywa Maji ya Mama

Kila alasiri ya Ramadhani ile, Shahd akirudi kutoka shule, hakuanza kwa kuvua viatu. Aliweka mkoba kwenye kiti, akaingia jikoni, akachukua chupa kubwa ya maji iliyofichwa nyuma ya sufuria na kutoka nayo hadi kwenye roshani. Alichungulia chini barabarani, akatazama na roshani za majirani, halafu akamimina maji yote kwenye chungu cha mrehani. Alipohakikisha hakuna tone lililobaki, alirudisha chupa mahali pake.

Mrehani ulistawi, ukajaa majani mapana yenye harufu iliyofika hadi ngazini. Mama yake Shahd ndiye aliyekuwa akinyauka.

Chupa ile haikuwa ya mapambo. Muuguzi wa hospitali aliichora mistari kwa kalamu ya wino mzito, mmoja wa asubuhi, mmoja wa adhuhuri, mwingine wa jioni, akamwambia mama, "Funda moja moja kutwa nzima, Bi Nashwa. Tumbo lako sasa ni dogo kama ndizi, haliwezi kupokea maji mengi kwa mkupuo. Ukisubiri kiu, umechelewa."

Nashwa alikuwa mwanamke mnene tangu usichana wake. Kisukari kilimwandama, magoti yakawa yanamlilia kila alipopanda ngazi za jengo lao pale Zagazig, Misri. Miezi michache kabla ya Ramadhani madaktari walimshauri apasuliwe na kupunguzwa mfuko wa chakula. Alikubali, ila kwa sharti moja: asijue mtu isipokuwa mumewe, Midhat. Shahd naye alijua, maana mtoto wa miaka kumi na miwili hafichwi jambo lililo ndani ya nyumba anayolala. Wengine wote waliambiwa kwamba Nashwa ametolewa mawe ya nyongo.

Hao wengine walikuwa karibu mno. Bibi Inshirah, mama yake Midhat, alikaa ghorofa ya chini. Shangazi Sabah alikaa ghorofa ya katikati, na mdomo wake ulikaa ghorofa zote. Mwaka uliotangulia, jirani mmoja alipofanyiwa upasuaji kama huo, Sabah alipiga makofi na kusema, "Kashindwa kuufunga mdomo, kaenda kufungwa tumbo!" Watu walicheka mpaka machozi. Nashwa naye alicheka, tena kuwapita wote.

Daktari aliyempasua alikuwa amemkataza kufunga mwaka ule. Lakini mtu aliyetolewa mawe ya nyongo miezi kadhaa nyuma angetoa udhuru gani? Mwezi ulipoandama, Sabah alimuuliza mbele ya watu, "Wifi, utafunga, au bado unadeka?"

"Nitafunga. Kwa nini nisifunge?" alijibu Nashwa.

Walipopanda kwao, alifunga mlango na kumshika Shahd mabega. "Niapie hutamwambia mtu. Wala baba yako."

"Lakini Mama, Baba ameniachia mimi kazi ya chupa."

"Baba yako yuko kazini Port Said, hapewi ruhusa mpaka Idi. Mimi ndiye ninayeishi na hawa. Niapie, mwanangu."

Shahd akaapa. Kiapo kile kilimkaa kifuani kama tonge lisiloteremka.

Basi kila jioni Midhat alipopiga simu ya video kutoka bandarini, uso wake ukiwa na vumbi la kazi, swali lake lilikuwa lilelile. "Hebu nionyeshe chupa, mlinzi wangu."

Shahd aliiinua mbele ya simu. "Tupu, Baba."

"Hodari! Wewe ndiye daktari wangu wa nyumbani. Mama yuko wapi?"

Nashwa alisogea mbele ya simu, taa ikiwa nyuma yake ili uso usionekane vizuri. Alitabasamu, akasema yuko salama, akarudi kulala.

Wote walifuturu kwa Bibi Inshirah. Bibi hakuwa mtu mbaya, ila upendo wake aliupima kwa mwiko. "Kula, Mama Shahd! Wallahi hunyanyuki hapa mpaka sahani iwe nyeupe," alisema, huku akimrundikia wali, kabichi iliyojazwa wali, mlenda, na paja la bata juu yake.

Shahd aliyakumbuka maneno ya daktari kwa sababu yeye ndiye aliyekaa karibu na mama yake siku ya kutoka hospitali: nyama, yai, samaki au maharage kwanza, kwa kuwa protini ndiyo inayoushikilia mwili, wali baadaye, kama nafasi ipo, na maji yanywewe mbali na chakula. Sasa alimtazama mama yake akifanya kila kitu kinyume. Nashwa alianza na bilauri ya sharubati ya aprikoti, kwa sababu koo lilikuwa limekauka na kila mtu alimsubiri anywe. Sharubati peke yake ikalijaza tumbo. Akalazimisha vijiko viwili vya wali ili Bibi asikasirike. Paja la bata akaligusagusa, kisha akalisukumia kwenye sahani ya Shahd. Baada ya hapo alikwenda msalani na kufungulia bomba kwa nguvu, ili asisikike akitapika.

"Hao madaktari wa nyongo walikutoa na nini kingine?" Sabah alisema alipomwona gauni likimpwaya. "Tuelekeze na sisi, wifi, tukapungue!"

Meza nzima ikaangua kicheko. Nashwa akacheka kidogo, mkono ukishika ukingo wa meza.

Siku zilivyosonga, nywele zilianza kubaki kwenye kitana kwa mafungu. Shahd alizikusanya na kuzitupa kabla mama hajaziona. Midomo ya Nashwa ilipasuka, mkojo wake ukawa mchache na mweusi kama chai iliyochemka mno. Akiinuka, ukuta ndio uliomshika. Shahd aliogopa. Akiwa darasani alisahau hata jina la somo.

Mchana mmoja alimletea kikombe kitandani. "Mama, funda moja tu. Mlango nimeufunga. Nani atakuona?"

"Nirudishie hicho kikombe jikoni."

"Si Mungu mwenyewe amesema mgonjwa asifunge? Hata mwalimu wa dini alitufundisha."

Nashwa akasema polepole, "Shahd, kwa jambo hili Mungu simwogopi. Namwogopa shangazi yako."

Shahd alirudi jikoni akilia. Maji ya kikombe nayo akayapeleka kwenye mrehani.

Siku iliyofuata wanawake wote walikuwa jikoni kwa Bibi, wakisokota majani ya mzabibu yaliyojazwa wali kwa ajili ya wageni. Nashwa aliinua macho, akamtazama wifi yake kwa mshangao. "Sabah, mbona mko wawili?"

"Njaa hiyo, wifi!" Sabah alicheka. "Ngoja adhana, nitarudi kuwa mmoja."

Kicheko hakijaisha, Nashwa akaanguka. Bakuli la wali lilianguka naye, na wali ukatapakaa hadi chini ya jiko. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakuwa yakimtazama mtu. Shahd alipomwita, alijibu kwa kutaja jina la dada yake aliyefariki zamani.

Hospitalini walipokewa na daktari kijana aliyeitwa Lamya. Aliuvuta mkunjo wa ngozi ya mkono wa Nashwa, na ngozi ikabaki imesimama. "Amekuwa akila? Akinywa?"

"Amefunga, mwanangu," Bibi Inshirah alisema, pumzi zikimkata. "Saumu imemlemea tu."

"Ana maradhi gani? Aliwahi kupasuliwa?"

"Nyongo," alisema Sabah. "Alitolewa mawe ya nyongo, basi."

"Sukari yake iko chini kidogo. Tumtundikie dripu ya sukari," daktari alimwambia muuguzi.

Shahd alikuwa amejibanza ukutani. Alimwona muuguzi akiandaa chupa ya dripu, akaona jinsi Nashwa alivyokuwa akipapasa shuka kana kwamba anatafuta kitu. Kiapo kilikuwa palepale kifuani. Akisema, mama yake hatamwamini tena, na nyumba nzima itamcheka. Asiposema, huenda hatakuwa na mama wa kumwamini.

"Daktari, si nyongo," alisema.

Wote wakageuka.

"Walimpunguza tumbo. Lile la chakula. Alikatazwa kufunga. Anatapika kila siku akifuturu, hali nyama wala yai, wala hanywi maji. Chupa yake nilikuwa naimwaga mimi."

"Wewe mtoto, unasema nini?" Sabah alifoka. "Unamsingizia mama yako?"

"Mwache aseme!" Bibi aliinua mkono. Uso wake ulikuwa umebadilika.

Daktari Lamya alikwisha kumfikia muuguzi. "Weka chini hiyo ya sukari! Sindano ya vitamini kwanza, sasa hivi." Kisha akamgeukia Shahd, sauti ikiwa ya chini. "Mtu aliyepunguzwa tumbo, akitapika na kukaa na njaa, vitamini humwishia mwilini. Ukimpa sukari kabla ya vitamini, unaweza kumharibu ubongo. Kuna jambo jingine? Usinifiche hata dogo."

Shahd akasema yote: nywele, mkojo, macho kuona watu wawiliwawili. Alisema huku kamasi na machozi vikimchuruzika, na hakuna aliyemkatiza.

Midhat alifika kutoka Port Said na nguo za kazi. Alimkuta binti yake kwenye ujia wa wodi. "Chupa zile ulizonionyesha?"

"Nilimwagia mrehani, Baba."

Shahd alisubiri kofi. Halikuja. Midhat alijitupa sakafuni, mgongo ukutani, akafunika uso kwa mikono yake yenye mafuta ya mashine, na mabega yakaanza kumtikisika. Shahd hakuwahi kumwona baba yake akilia. Alitamani angepigwa.

Nashwa hakufa, lakini alikikaribia kifo kabisa. Figo zilizokuwa zimekaribia kusimama zilianza tena kazi kwa kusitasita. Macho yakanyooka. Miguu ndiyo iliyokataa; ilikuwa na ganzi, na daktari alisema huenda atatembea na fimbo kwa miezi mingi, labda zaidi. Alipopata fahamu vizuri, alimtazama Shahd muda mrefu.

"Umesema?"

"Nimesema, Mama. Nisamehe."

"Mimi ndiye wa kuomba radhi," alinong'ona. "Nilikubebesha kitu ambacho mimi mwenyewe kilinishinda."

Ramadhani ilikuwa bado haijaisha aliporudi nyumbani. Siku ya kwanza, jua likiwa la utosi, Bibi Inshirah alipanda ngazi zote na magoti yake ya uzee. Yeye mwenyewe alikuwa amefunga. Mkononi alikuwa na yai la kuchemsha na bakuli la mtindi. Alifungua pazia, akafungua na dirisha linalotazama roshani za majirani, akaketi kitandani na kuanza kumlisha mkwewe kijiko kwa kijiko.

"Mama, watu wataona," alisema Nashwa.

"Waone. Tafuna vizuri, usimeze harakaharaka."

Sabah alikuja na kusimama mlangoni, ameshika sahani ya samaki wa kuchoma. Safari hii hakuwa na mzaha. "Nimemtoa miiba yote, wifi," alisema, na sauti ikamkatika. Bibi alimpa ishara aketi.

"Sikilizeni ninyi, na wewe Shahd," Bibi alisema. "Huyu alikuwa na ruhusa ya Mungu mkononi. Sisi ndio tuliomnyang'anya. Mimi kwa mwiko wangu, na Sabah kwa mdomo wake. Tulimcheka jirani mbele yake, halafu tukashangaa kwa nini hakutuambia. Na wewe mjukuu wangu, kumtii mama ni wajibu, lakini siri inayomuua mtu haifichwi, hata ukiapishwa mara elfu. Siku nyingine ikikushinda, shuka uje kwangu."

"Ndiyo, Bibi."

Jioni ile simu ikalia. Midhat alikuwa amerudi kazini. "Shahd, nionyeshe chupa."

Shahd aliinua chupa. Maji yalikuwa yamevuka mstari wa adhuhuri, lakini ule wa jioni hayajaugusa. "Leo amefikia hapa tu, Baba. Alisikia kichefuchefu. Yai alikula lote, samaki nusu. Bado anakunywa, kikombe anacho mkononi."

Midhat aliitazama chupa ile, akashusha pumzi. "Ahsante, mwanangu. Nikijua yamebaki kiasi gani, najua la kufanya. Nitampigia daktari sasa hivi. Chupa yenye maji ya kweli hainitishi. Zile tupu ulizonionyesha ndizo zilizotaka kuniulia mke."

Shahd aliweka chupa mezani, akaketi kando ya mama yake na kumsubiri ameze funda jingine.