Bakuli la Canio

Walichokuwa wakitafuta jioni ile ni jibini tu.

Mchunga kondoo mmoja waliyemkuta baa alikuwa amemwambia Ivano kwamba huko juu, njia ya Acerenza, kuna familia inayoning'iniza jibini pangoni mpaka linanukia kama uyoga. Na Ivano akishasikia habari za chakula, hasikii nyingine. Kwa siku kadhaa yeye na mkewe Nives, watu wa Modena, walikuwa wakizunguka vilima vya Lucania, kusini mwa Italia, kwa gari lao, wakila kila walikopita: soseji zenye mbegu za shamari, mkate mgumu wa ngano, pilipili nyekundu zilizokaangwa mpaka zikawa zinavunjika kama majani makavu.

"Suruali imegoma kufunga," Nives alimtania.

"Suruali ni kitambaa tu, mke wangu. Tumbo ndilo langu."

Lakini siku ile kila mlango waliogonga ulikuwa umefungwa. Migahawa kimya. Maduka kimya. Makaburini tu ndiko walikoona watu, wamevaa nguo nyeusi, wameshika maua na mishumaa. Wakapita. Hawakujiuliza.

Jua lilipozama, ukungu ukashuka. Ukungu wa Novemba, mzito, unaotambaa chini kama moshi wa kuni mbichi. Barabara ikapotea, wakawa wanakwenda kwa kubahatisha. Tangu asubuhi hawakuwa wametia kitu mdomoni.

Ndipo wakaiona taa.

Nyumba ya mawe, peke yake ukingoni mwa bonde. Mlango wazi kabisa.

"Si nilikwambia?" Ivano akazima gari. "Mgahawa wa shambani huo."

"Mbona hauna kibao?"

"Wewe nawe! Wanaojua kupika hawahitaji kibao."

Walisimama kizingitini. "Hodi!"

Kimya.

"Hodi wenyewe!"

Moto tu ndio uliojibu, ukitatarika mekoni. Mezani palitandikwa kitambaa cheupe. Palikuwa na mshumaa, jagi la maji, divai, mkate, na bakuli kubwa la tambi pana za kukanda nyumbani zilizopikwa na dengu, bado zikifuka. Kando yake kibakuli cha ngano ya kuchemsha yenye punje za komamanga. Harufu ya kitunguu saumu na mafuta ya zeituni ilijaa chumba. Na chini ya harufu hiyo... nyingine. Kama udongo uliofukuliwa sasa hivi.

"Tuwangoje wenyewe," Nives alinong'ona.

"Tutawangoja huku tunakula. Wakirudi tutawaomba radhi. Njaa haina adabu."

Nives alijua si sawa. Alijua. Lakini ule mvuke ulimpanda puani, na mkono wake ukashika kijiko kabla moyo haujakataa. Wakala. Wakala mpaka wakafuta bakuli kwa mkate, likang'aa. Maishani mwake hakuwahi kula kitu kitamu kama kile, na hilo ndilo lililokuja kumchoma zaidi.

Alipoinua macho, kijana alikuwa amesimama mlangoni.

Alikuwa amelowa chapachapa. Nywele zimemgandia kipajini.

"Ah, karibu kijana!" alisema Ivano, kinywa kimejaa. "Mama yako kapika kweli. Sufuriani hamna nyingine?"

Kijana hakumtazama. Alilitazama bakuli. Maji yalikuwa yakimdondoka kwenye mikono ya shati.

Tii... tii... tii...

Nje hapakuwa na mvua.

"Hamkunibakizia?" aliuliza, kwa sauti ndogo.

Hakuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtoto aliyerudi shuleni akakuta sufuria zimeshaoshwa. Kijiko kikamponyoka Nives. Akainama kukiokota, na alipoinuka, mlangoni palikuwa na ukungu mtupu.

Mara mwanamke mzee akaingia, nguo nyeusi, mshumaa uliozimika mkononi. Aliwaona wageni, lakini hakushtuka. Macho yake yalikwenda moja kwa moja mezani. Akajiziba mdomo. Machozi yakamtiririka.

"Amekuja," alisema. "Canio wangu amekuja! Mmemwona?"

"Kuna... kuna kijana," Nives alijibu. "Amelowa maji."

"Ndiye! Mto ulimchukua akivusha kondoo." Bibi alishika kiti asianguke. "Kila mwaka, siku ya marehemu, namwandalia, kisha naenda kumwombea makaburini. Na kila nikirudi nakuta bakuli vilevile, chakula kimepoa. Leo amekula! Kafuta mpaka kwa mkate, kama desturi yake. Si kweli, binti yangu? Amekula?"

Ivano aliinamisha kichwa. Nives alikuwa akiyasikia mafuta yangali midomoni mwake. Neno moja tu lilihitajika.

"Amekula, mama."

Bibi alimshika mikono yote miwili akaibusu. Mikono ile ile, inayonuka kitunguu. Kisha akawafungia mkate na lozi za njiani. "Mungu awabariki. Mwanangu hakula peke yake."

Ndani ya gari walikwenda kidogo tu.

"Umefanya vizuri," Ivano alisema. "Umemfurahisha bibi wa watu."

"Simamisha gari."

"Nives..."

"Simamisha! Naona haya mpaka kwenye mifupa."

"Utamwambia kwa uso gani? Kwamba tumemlia mwanawe?"

"Kwa uso huu huu."

Ivano alisimamisha, lakini hakushuka. Nives alirudi peke yake kwa miguu. Alipokaribia dirisha akasikia sauti, akaganda.

"Usinitanie, mwanangu," bibi alikuwa akisema. "Yule dada mwenyewe kaniambia umekula."

Mnong'ono ukajibu. "Sikula, mama."

"Ana sura ya utu yule. Hawezi kunidanganya."

"Nina njaa, mama."

"Utakuwaje na njaa nawe umeshiba? Nenda kapumzike."

Nives alisukuma mlango. Bibi alikuwa peke yake. Mkabala wake kiti kitupu, na chini yake dimbwi la maji.

"Mama, nilikudanganya. Tulikula sisi. Yeye alisimama pale akatutazama."

Heri angemtukana. Bibi alipitisha kiganja juu ya kile kiti kilicholowa.

"Nimemfukuza," alinong'ona. "Nimemfukuza mwanangu na njaa yake."

Akatoka mbio. "Canio! Canio weee! Rudi, mama nilikosea!" Sauti ilishuka bondeni, ikarudi tupu. Nives alisimama nyuma yake, amefunika uso kwa viganja.

Kisha, kutoka kule barabarani, mlango wa gari ukafungwa.

Pa!

"Nakuja, mama."

Ilikuwa sauti ya Ivano.

Alitokeza ndani ya ukungu, maji yakimchuruzika nywelani. Macho yake yalimpita Nives kama yanavyopita ukuta. Akaingia, akaketi pale pale kwenye kiti kile. Bibi akamkombea dengu zilizobaki sufuriani, akazitia bakulini. Ivano, ambaye siku zote hula kama anakimbizwa, alikula taratibu, kwa vidole vilivyokakamaa kwa baridi, huku bibi akimkausha nywele kwa aproni na kumwimbia kitu kwa sauti ya chini.

Nives alifungua kinywa amwite mumewe. Akakifunga. Angedai nini, yeye aliyemlia mtu chakula chake?

Bakuli lilipokwisha, Ivano alilaza kichwa mezani. Baadaye akazinduka. "Nives? Mbona nimelowa hivi?"

Walipokuwa wanatoka, bibi alimshika Nives kiwiko.

"Mwakani nitapika tena," alimnong'oneza. "Mlete."

Na Nives, kwa haya, akasema, "Ndiyo, mama."

Modena hawakulizungumza jambo lile. Ivano alikumbuka ukungu tu. Alirudi kazini, akacheka, akanenepa. Mwaka ukazunguka. Asubuhi moja, mwisho wa Oktoba, Nives aliamka akamkuta mumewe amekaa kitandani, amevaa koti na viatu, sanduku miguuni.

"Unakwenda wapi?"

"Mama ananingoja," alisema, bila kugeuka.

Mama yake Ivano alizikwa kabla hawajaoana.

Nives alisimama, akayaangalia maji yaliyoanza kumdondoka mumewe kwenye pindo la koti. Kisha akaenda kuchukua funguo za gari. Angesema nini? Ile 'Ndiyo, mama' ilitoka kinywani mwake mwenyewe.