Hesabu ya Utosi wa Baba

Jumamosi Aluoch aliosha vyombo, akaanika sare yake ya shule, kisha akachukua lenzi na kumwita babake nje. Mzee Owiti alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha majani chai karibu na Kimulot. Aliketi kwenye kigoda, akainamisha kichwa kama mtoto anayesubiri kunyolewa. Hakuna mashine iliyomtisha kule kiwandani, lakini upara uliokuwa ukienea utosini ulimnyima raha. Wenzake wa zamu walimwita Uwanja wa Ndege. Alicheka pamoja nao, kisha akirudi nyumbani alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu.

Ndipo aliponunua mafuta ya mitishamba sokoni. Aluoch, ambaye alikuwa gredi ya saba, akapata mradi wa sayansi papo hapo: je, mafuta yale yanaotesha nywele? Alikata dirisha dogo kwenye karatasi ngumu, sentimita moja kila upande, ili aliweke utosini na kuhesabu nywele zilizomo ndani. Kabla ya mafuta alipata sabini. Baada ya mwezi mmoja, sitini na nne. Leo, mwezi wa pili ukiisha, alipata tisini na moja.

"Ngapi?" Baba aliruka nusura apindue kigoda. "Hebu hesabu tena!"

Aluoch aliinua karatasi, akairudisha, akahesabu polepole. Sabini na nane. Alitazama karatasi, akatazama kichwa. Kichwa kilikuwa kilekile.

"Andika hiyo ya kwanza," Baba alisema. "Hii ya pili ni macho yamechoka."

Kufikia Jumatatu, kiwanda kizima kilikuwa na habari. Nyang'au wa zamu ya asubuhi, ambaye paji lake la uso lilikuwa limefika katikati ya kichwa, aliapa kwamba angekuja shuleni Ijumaa, siku ya wazazi, Aluoch atakaposoma matokeo ya mradi wake, asikie mwenyewe. Aluoch alikosa amani. Sabini, sitini na nne, tisini na moja, sabini na nane! Nywele gani hizi za kwenda na kurudi? Alizipanga nambari hizo daftarini kila namna na hazikumwambia kitu.

Alhamisi alimpelekea Mwalimu Chepkorir daftari lake.

"Dirisha lako huliweka wapi?" Mwalimu aliuliza.

"Utosini, Mwalimu."

"Utosi wa baba yako ni mpana. Utosini mahali gani?"

"Mahali penye nywele. Si ndizo za kuhesabu?"

Mwalimu aliziba mdomo asicheke. "Nani alikufundisha kuchuma chai?"

"Mama."

"Alikuambia mkono uende wapi?"

"Palipochipua. Pasipo na kitu, pita." Aluoch alizitazama nambari zake. Uso ulimwaka moto. "Mwalimu, nimekuwa nikichuma kichwa cha Baba!"

"Ndiyo. Mchumaji hutafuta palipo pazuri. Anayepima hurudi palepale, pawe pazuri au pabaya."

"Sasa nambari ya kweli ni ipi?"

"Kwa hizi, hatuwezi kujua."

Jioni ile Baba alipiga pasi shati lake huku akiimba. "Kesho utasoma tisini na moja kwa sauti, sawa, mama?" Aluoch aliitikia "ee" ya chini chini na akalala vibaya. Akisema ukweli, atamwaibisha babake mbele ya wenzake. Akinyamaza, nusu ya kiwanda itajipaka mafuta kwa sababu yake.

Ijumaa alisimama mbele ya wazazi, daftari mkononi. "Nilipata tisini na moja," alisema, na Nyang'au akapiga makofi. "Lakini nilipima vibaya. Kila mara nilichagua mahali pazuri. Sijui kama mafuta yanafanya kazi."

Makofi yalikatika. Mtu mmoja alicheka. Aluoch hakuthubutu kumtazama babake, ila alisikia kiti kikisogezwa.

"Wenzangu," Baba alisema akiwa amesimama, "huyu mtoto alipata nambari mbili siku moja. Mimi ndiye niliyemwambia aandike ile iliyonifurahisha. Kosa ni langu pia." Alijipapasa utosi. "Kichwa bado niko nacho. Tutaanza upya."

Safari hii Mwalimu alimsaidia. Waliweka kona ya dirisha kwenye kovu dogo la utosini, mahali pamoja kila mwezi, nywele zikiwa zimekatwa urefu uleule. Aluoch alihesabu, kisha mamake akahesabu bila kuambiwa jibu. Kwa miezi mitatu walipata sitini na nane, sitini na saba, sitini na nane.

Baba alizisoma nambari hizo mara mbili. Iliuma, na hakuficha. Kisha aliacha yale mafuta, akaenda kumwuliza daktari kuhusu dawa zilizopimwa kwa watu wengi. Daktari alimwambia kwamba upara wake ni wa kurithi na si aibu, na kwamba hata hizo dawa hazimsaidii kila mtu.

Nyang'au alipokuja kuuliza habari za mafuta, Baba alimwonyesha daftari.

"Soma hapa, ndugu yangu. Nambari ikikufurahisha sana, hiyo ndiyo ya kupima tena. Mimi nimefundishwa na binti yangu."