Begi la Binti wa Mwenyekiti

Wazazi wenzangu, najua mnasema nina mdomo. Sawa, ninao. Lakini hili nitalisema, maana nilikuwepo, nimeshika birika la chai.

Asubuhi ya mnada wetu ilikuwa shwari kabisa. Uwanja wa shule umefagiliwa, meza zimepangwa kwenye kivuli cha madarasa, na juu yake vitu vilivyotumika ambavyo wazazi wamevitoa majumbani. Tulitaka kitu kimoja tu: paa la darasa la tatu, ambamo mvua ikinyesha watoto husoma wamebanana kwenye kona moja. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, fundi cherehani tuliyembandika jina la Mama Mnada, alishika kipaza sauti, akauza na kutania.

"Shemeji, koti hilo limekukaa mpaka mkeo atakuuliza unakwenda wapi!"

Watu tukavunjika mbavu.

Sasa, kamati yetu ina desturi. Kabla ya kumwomba mzazi mwingine kitu, mwenyekiti hutoa cha kwake kwanza. Mama Mnada alitoa kwa moyo mweupe, tena kwa pupa. Alikusanya masufuria, viatu vya mumewe na begi jekundu la binti yake wa miaka tisa, bila kumuuliza mtu wala kupekua mfuko.

Binti huyo ana pumu. Mara mbili wiki ile alimfuata mama yake kwenye cherehani.

"Mama, pampu ya dawa ya kabatini imekwisha. Imebaki ile ya kwenye begi jekundu."

"Nimekusikia, mwanangu," alijibu, macho yake kwenye orodha ya meza.

Hakusikia lolote. Na sisi wanakamati tusijitoe. Tulikuwa tukimpigia simu hata wakati wa chakula, kisha tunamsifu kwamba ni mama wa mfano.

Kwenye saa nne, akina baba wawili walianza kuburuta madawati mabovu kutoka stoo ili nayo yauzwe. Vumbi likatimka. Binti alikuwa mlangoni akikunja nguo. Akakohoa, akakohoa tena, kisha kifua kikaanza kulia. Akakaa chini, mabega yakipanda na kushuka, hawezi kumaliza neno. Mwalimu mkuu akakimbilia gari lake.

"Pampu yako iko wapi?" mwalimu wake wa darasa alimuuliza.

Mtoto akanyoosha kidole kwenye meza ya mabegi. "Jekundu..."

Mama Mnada alikuwa ameliuza nusu saa nyuma, yeye mwenyewe, huku akilisifia. Niliona uso wake ukibadilika, na mpaka leo sipendi kuukumbuka. Akapiga kelele kwenye kipaza sauti: "Jamani, nani kanunua begi jekundu? Mwanangu anakata roho!"

Mnunuzi alikuwa fundi mwashi, amesimama kwenye foleni yangu ya chai. Begi alishalijaza misumari. Akaimwaga yote chini, akachokoa mfuko wa pembeni. Mtupu.

"Kulikuwa na kidude cha buluu," akasema. "Nilidhani cha kuchezea, dada. Nimempa mwanangu."

Mwanawe wa miaka mitatu alikuwa ameketi kando ya tangi la maji, akimpulizia mdoli wake dawa. Puu! Puu! Mwili huu mnauona, lakini siku ile nilikimbia kuliko wote. Nikampokonya, akaangua kilio, nikarudi mbio.

Mwalimu akaitikisa pampu. Ilikuwa bado na dawa. Mtoto akavuta mara moja. Akavuta tena. Uwanja mzima tulisikiliza kifua cha mtoto mmoja. Mlio ukapungua kidogo kidogo, mabega yakatulia, naye akamtazama mama yake aliyekuwa akilia kwa sauti.

"Mama, punguza kelele," akasema. "Watu wanatuangalia."

Tukacheka na kulia kwa pamoja. Sijawahi kusikia kicheko kitamu namna ile.

Mwalimu mkuu akatupeleka zahanati. Muuguzi alimpa mtoto dawa ya mvuke, akampima na kutuambia tumewahi. Mama Mnada akamkumbatia binti yake.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Nilikuambia, Mama. Jumatatu, na juzi tena. Ukasema umenisikia."

Mama akajifunika uso kwa kitambaa cha kichwa. Mimi nilitazama dirishani kwa aibu, maana juzi hiyo aliyekuwa akimsubiri kwenye simu nilikuwa mimi.

Mnada ulimaliziwa na wengine, na darasa la tatu limeezekwa. Mama Mnada bado ni mwenyekiti wetu, ila siku hizi kikao kinakwisha kabla watoto hawajatoka shule, na hakuna anayempigia simu wakati wa chakula. Nikipita kwake namkuta cherehani imesimama, binti yake anasimulia mambo ya darasani, naye anauliza, "Halafu ikawaje?"

FUNZO

Mzazi mwenzangu, jitolee kwa shule ya watoto wetu, tena bila kuchoka. Lakini mwanao akikujia na neno, weka kazi chini, umtazame usoni, umsikilize mpaka amalize. Nasi tunaopenda kuwasifu wanaojitolea, tuwaache wapate muda wa kuwa nyumbani. Darasa la tatu lilisubiri paa miaka mitatu. Binti yule hakuwa na hata dakika kumi za kusubiri.