Tangi Lisilopumua

Pikipiki ile ilikuwa na kasoro moja tu: ikitembea kidogo ilizimika, na ikipumzishwa kidogo iliwaka tena bila aibu, utadhani haijawahi kumsumbua mtu. Mwenyewe, kijana wa kubeba abiria, alikuwa ameikokota kutoka sokoni hadi gereji ya dada yake huku jasho likimtiririka mpaka kwenye nyusi.

"Umenunua pikipiki au mbuzi wa kuvuta kwa kamba?" dada yake alimuuliza kutoka nyuma ya kaunta alikouzia spea.

"Dada, niache kwanza nipumue. Shemeji yupo?"

Shemeji alikuwepo. Mume wa yule dada alikuwa fundi, na mtaa mzima ulimwita Sikio, kwa sababu hakugusa injini kabla ya kuisikiliza. Gereji yao ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mlango mmoja wa chuma. Dirisha lilikuwepo zamani, wakaliziba kwa matofali baada ya wezi kulipitia. Mbele zilipangwa spea za mke, nyuma vyuma vya mume, na katikati yakapita mabishano ya kutwa nzima ambayo wateja waliyapenda kuliko redio.

Sikio alianza pale anapoanza siku zote. Mafuta yamo? Yamo. Akachomoa mpira unaopeleka mafuta kwenye kabureta: petroli ikachuruzika vizuri, ikapungua, ikawa matone, ikakata. Akafungua koki na kuangalia chujio lake, safi. Akatia mpira mdomoni, akavuta, akatema petroli sakafuni.

"Na mdomo huo huo jioni unataka chai yangu," mkewe alisema, akafyonya.

"Naitaka, na sukari uzidishe."

Akafungua kabureta, akazipuliza jeti zake, vile vitundu vya kupitishia mafuta. Nazo zilikuwa safi. Ndipo aliposhika mfuniko wa tangi na kuuzungusha, na tangi likavuta pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu, ya kooni, kama ya mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Mara petroli ikaanza kumwagika mpirani kwa nguvu.

Mke alihisi nywele zikimsimama. Sikio alicheka.

"Mmesikia? Tangi halipumui. Huu mfuniko una kitundu cha kuingiza hewa. Kikiziba, mafuta yanashikwa huko ndani, hayashuki. Ndiyo ugonjwa wenyewe." Akaugeuza. Kitundu kilikuwa kimejazwa nta nyeusi, na juu ya nta ilionekana alama ya kidole gumba cha aliyeibana. "Hii haikuja yenyewe. Nani kaziba?"

Kijana aliangalia viatu vyake. "Nimeikuta hivyo hivyo. Shemeji, si uiache tu? Mimi nitakuwa naufungua huo mfuniko kila ikizima."

"Niuache ugonjwa nimeshauona? Watu watasema huyu fundi gani?"

"Haya basi. Naenda kununua soda," kijana akasema, akatoka mbio bila kuuliza nani ana kiu.

Sikio alichukua waya mwembamba akachokonoa. Nta ikatoka kwa vipande, na ndani yake kulikuwa na unywele mrefu uliosokotwa. Akautupa kwenye takataka.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Haikuwa ya petroli, bali ya nguo mbichi zilizosahauliwa ndani ya ndoo, na ilikuja na ubaridi uliopita miguuni kwa mke na kupanda ukutani, mahali alipotundika vifuko vyake vya plastiki vya spea. Akaviona vikinywea. Kimoja, kikafuata cha pili, kisha safu nzima, kila kifuko kikijibana kwenye plagi na boliti zilizomo kana kwamba kuna mdomo uliokuwa ukivinyonya, na kabla hajamwita mumewe mlango wa chuma ukavutwa kwa ndani ukajifunga kwa kishindo kilichodondosha spana.

"Nani kafunga?" alinong'ona.

"Upepo," Sikio alisema. Lakini nje kulikuwa shwari, na yeye alilijua hilo.

Walisukuma mlango kwa mabega wote wawili. Komeo lilikuwa wazi, na bado mlango haukutikisika; ulikuwa umenyonywa kwenye fremu yake. Masikio yao yakaziba. Mke akavuta hewa, ikaja nusu. Akavuta tena, ikaja robo, na nyuma yao, kule kwenye giza la vyuma, kitu kikawa kinavuta pia, taratibu, kwa raha, kikimeza ile hewa waliyoitegemea, kila pumzi yake ikiwa ndefu kuliko iliyotangulia, mpaka ikawa hawajui tena kama wanachokisikia kinatoka pembeni, juu ya dari, au kisogoni mwao.

Ngumi zikagonga mlango kwa nje. "Dada! Shemeji! Mmeitoa ile nta?"

"Nta ya nini?" Sikio alipaza sauti iliyokosa nguvu.

"Mganga alimfungia jini tangini kwa nta hiyo! Aliyeniuzia alinionya mfuniko niufungue, ila nta nisiiguse. Nikaona nikiwaambia mtanicheka!"

Wangemcheka kweli. Hilo ndilo lililomuuma dada mtu. "Kamlete huyo mganga!" alitaka kupiga kelele, lakini alipofungua kinywa kitu baridi kikamwingia kooni, kikashuka, kikatulia kifuani mwake kama mpangaji aliyepata chumba. Akawa anavuta pumzi tu, anavuta, anavuta, hawezi kuishusha. Kucha zake zikageuka rangi ya wino. Kinywa chake kikasema, kwa sauti isiyokuwa yake:

"Nimebanwa muda mrefu."

Sikio hakurudi nyuma. Alimtazama mkewe kwa umakini ule ule anaoitazamia injini iliyoziba, macho yake yakajaa machozi, akamshika mashavu, akaweka mdomo juu ya mdomo wake, akavuta kwa nguvu zake zote.

Mke alihisi kitu kikichomoka kifuani kama tambara refu. Hewa ikamrudia. Mlango ukafyatuka. Mbele yake Sikio amesimama, mashavu yamebonyea, mkono mmoja umeziba mdomo na kubana pua. Kwa mkono wa pili alimsukuma mkewe nje, vibaya, mpaka akaanguka mavumbini, kisha akauvuta mlango. Mke akasikia komeo la ndani likisukumwa hadi mwisho, halafu matambara yenye grisi yakishindiliwa chini ya mlango.

Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Mdogo wake, aliyekuwa amekimbilia kwa yule mganga, akarudi naye, mama mfupi mwenye pochi kwapani. Mganga akatega sikio mlangoni.

"Nani kafunga?"

"Mume wangu. Kwa ndani."

Mganga akafumba macho. "Amejigeuza tangi," alisema polepole.

"Mtoe, mama yangu! Nakuomba, mtoe!"

"Nimtie wapi huyo jini? Tangi lenyewe limo humo pamoja nao. Nikifungua, anatoka na kuuvamia mtaa mzima."

Ndipo sauti ya Sikio iliposikika kutoka ndani, ile ile, na mkwaruzo wake wa petroli: "Mke wangu, nifungulie. Nakosa hewa."

Kijana alikimbilia mtaimbo. Dada yake naye aliudaka, na angeupiga mlango, kama mganga asingemshika mkono.

"Komeo liko upande wake," mganga alinong'ona. "Kama ni yeye anayetaka kutoka, kwa nini hafungui?"

Wakasikiliza. Komeo likagusa chuma. Likavutwa, likasogea kidogo, likarudi. Likavutwa tena, likarudi. Sauti iliendelea kulia na kubembeleza, na chini yake, bila neno, kulikuwa na mkono uliokuwa ukilirudisha komeo kila lilipovutwa.

"Yupo," mke alisema, akaangusha mtaimbo. "Bado yupo humo! Sasa tufanye nini?"

"Tungoje mmoja wao achoke."

Mke akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye chuma baridi, mahali palipokuwa na komeo. Likavutwa tena, likaja mbali kuliko mwanzo, na safari hii likachelewa kurudi.