Mimba ya Kashata

"Justa... huyu ana mimba."

Daktari Mwaija alisema hivyo mkono wake ukiwa bado chini ya tumbo la mbwa wangu.

Nikacheka.

Ndiyo, nilicheka! Nilidhani ananitania.

"Haiwezekani, daktari."

"Wiki ya tano inaisha. Shika hapa mwenyewe."

Nikashika. Vidole vyangu vikakutana na vivimbe vidogo, kimoja... viwili... vitatu... vimejipanga.

Nikautoa mkono haraka. Maana mimi na daktari tulikuwa tunajua jambo moja.

Ile mimba ilikuwa inakwenda kumuua Kashata.

Ngoja niwaeleze tangu mwanzo, halafu mnihukumu wenyewe.

Naitwa Justa. Naishi Pasiansi na mama yangu. Nimesomea ualimu, Baiolojia na Kemia, nikamaliza mwaka juzi. Ajira bado naisubiri, kwa hiyo najitolea kufundisha sekondari moja hapa Mwanza. Shikeni hilo neno Baiolojia. Litaniumbua.

Kashata nilimwokota akiwa mdogo, kagongwa na bodaboda. Nyonga ilivunjika, ikaunga vibaya. Akakua, akawa mzuri, rangi yake ile ile ya kashata, lakini akitembea anapepesuka kidogo nyuma.

Januari mwaka huu alizaa kwa mara ya kwanza.

Siku mbili, jamani! Siku mbili anasukuma. Watoto wanne, wote wafu. Wa mwisho Daktari Mwaija alimvuta kwa mkono, mimi nimeshika kichwa cha Kashata, machozi yananidondoka kwenye masikio yake.

"Huyu asibebe tena," daktari akaniambia. "Njia yake ni finyu. Mara ijayo tunampoteza."

"Basi mtoe kizazi leo leo!"

"Leo hana damu. Nikimpasua leo anafia mezani. Mpe miezi mitatu ale, apone, ndipo umlete."

Miezi mitatu ikapita. Nikasema sasa. Mama akasema tumsubiri mjomba.

Mjomba Luhende ni kaka yake mama, mfugaji wa ng'ombe kule Misungwi. Mbwa wetu dume, Komando, alitupa yeye. Nyumbani kwetu likija jambo la mifugo, hata kuku akikohoa, mama anampigia kaka yake.

Akaja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nasikia unataka kuwaharibu mbwa."

"Siyo kuwaharibu, mjomba. Kashata akibeba tena atakufa. Na Komando akihasiwa hatazurura kupigana."

"Jike lisilozaa la nini? Na dume ukilihasi, nani atalinda nyumba?"

"Mjomba, mbona wewe unahasi ng'ombe kila mwaka?"

"Ng'ombe analima, binti. Mbwa anabweka. Ukimtoa zile, sauti ataitoa wapi?"

Mama akacheka mpaka akajifuta machozi. Mimi sikucheka!

Nilichoka, wapendwa. Mtaani ndiyo usiseme. Nikipita naambiwa, "Mwalimu, mimi usinikate!" Mama wa genge akanivuta pembeni kunishauri kwamba nikiolewa hizi fikra zitaisha. Mtoto wa kike, msomi, kila siku midomoni mwake ni korodani za mbwa!

Mtu mmoja tu hakuwahi kunicheka. Shaibu.

Shaibu ni fundi wa injini za boti. Karakana yake iko ng'ambo ya barabara, inatazamana na geti letu. Tumesoma wote shule ya msingi. Nikipita ananipa kiti, ananiuliza maswali. Mbwa anaumia? Anapona siku ngapi? Anakuwa mnyonge? Mimi nikawa najua anatafuta tu sababu ya kuongea na mimi.

Naye alikuwa na mbwa wake, Jeki. Mweusi, manyoya mengi kama kapeti, hafungwi, analala mlangoni pa karakana.

Mwezi wa tano mama akalegea.

"Haya, anza na dume, kaka yangu hayupo. La jike tutaongea."

Jumamosi nikampeleka Komando. Akahasiwa. Nilikuwa nalia na kumbusu, daktari anaeleza mambo ya kidonda, mambo ya vidonge, ananipa karatasi ya maelekezo. Nikaikunja nikatia kwenye mkoba. Nikajiona nimeushinda ulimwengu!

Siku kumi baadaye Kashata akaingia kwenye joto.

Nikapiga simu mbio.

"Daktari, nimlete sasa?"

"Hapana, sasa hivi mishipa ya kizazi imejaa damu, simgusi. Mfungie ndani wiki tatu. Dume lolote lisimsogelee. Joto likiisha, umpe mwezi mmoja, umlete."

Nikafunga geti kwa kufuli. Nikamkataza mama kulifungua. Asubuhi nakwenda kufundisha, Kashata na Komando nawaacha uani, salama kabisa. Jioni narudi, nakagua kufuli.

Joto likaisha, mwezi ukatimia, nikampeleka akafanyiwe upasuaji.

Na ndipo nikaambiwa ana mimba.

Nilirudi nyumbani moja kwa moja. Nikazunguka uzio wote. Nyuma ya banda la kuku nikakuta shimo chini ya bati. Na kwenye ncha ya bati yamenasa manyoya...

Meusi. Marefu.

Jeki!

Sikunywa hata maji. Nikavuka barabara.

Karakanani walikuwepo vijana kama saba, Chenge na Malimi wakiwa wamekalia injini iliyofunguliwa.

"Shaibu! Mbwa wako amempa mimba Kashata!"

Chenge akaruka juu. "Jeki! Kumbe mwanaume!"

Kicheko.

Shaibu hakucheka. Akafuta grisi mikononi, polepole.

"Justa, tuongee pembeni."

"Sitaki pembeni! Sema hapa hapa!"

"Nakuomba. Dakika mbili tu."

"Una nini cha kuficha? Kashata anakwenda kufa kwa sababu yako! Nilikwambia umfunge mbwa wako, sikukwambia?"

"Siyo Jeki."

"Unajuaje?"

Akamtazama Chenge. Akamtazama Malimi. Akafungua mdomo... akaufunga.

"Mjibu shemeji, unajuaje?" Malimi akadakia. "Ulimshikia taa?"

Wakacheka mpaka mmoja akaangusha spana.

"Najua tu," Shaibu akasema, macho chini.

Mimi nikaona hatia kwenye yale macho. Nawaapia, niliiona kabisa!

Nikapiga picha shimo, nikapiga picha manyoya, nikatupia kwenye kundi la mtaa. Nikaandika: "Shaibu fundi boti ni muuaji wa mbwa wangu." Muuaji! Mtu niliyekaa naye dawati moja.

Kesho yake mwenyekiti wa mtaa, Mama Dorotea, akatuita. Kumbe tayari alikuwa na malalamiko mengine ya mbwa wanaozurura.

"Shaibu, una la kusema?"

"Sina, mama."

"Siku tatu. Mbwa afungwe au aondoke."

Karakana haina uzio wala ua. Atamfunga wapi? Siku ya tatu nikamwona Shaibu anatoka na Jeki kwenye kamba, wanakwenda kupanda kivuko, anampeleka kwa dada yake Ukerewe. Jeki hajazoea kamba. Alikuwa anakaa chini kila hatua tatu, na Shaibu anainama, anamnong'oneza, wanasonga tena.

Nilisimama getini nikawatazama mpaka wakapotea.

Nikajisikia mshindi. Mungu anisamehe.

Wiki ile daktari alimchoma Kashata sindano za kuongeza damu. Ijumaa akaniita.

"Justa, sikiliza vizuri. Nikimpasua sasa, natoa kizazi pamoja na watoto. Hawaponi. Nikisubiri wazaliwe, yeye haponi. Na hata leo damu yake siyo ya kujivunia. Mbwa ni wako. Amua."

Mimi, ambaye mende namtoa nje kwa karatasi, nikashika kalamu.

Nikasaini.

Nikatoka nikakaa kwenye ngazi. Sikujua mtu anaweza kuomba na kukasirika kwa wakati mmoja. Namwomba Mungu amponye Kashata, namlaani Shaibu. Naomba, nalaani.

Saa mbili baadaye mlango ukafunguka.

"Yuko hai," Daktari Mwaija akasema.

Nikamkumbatia na aproni yake yenye damu, nikalia kwa sauti. Na katika kulia nikaanza kubwabwaja.

"Yote haya ni Shaibu! Yeye na lile jibwa lake!"

"Shaibu yupi?"

"Fundi boti! Jeki wake ndiye aliyempa mimba!"

Daktari akanitoa kifuani, akanitazama.

"Jeki mweusi? Wa manyoya?"

"Huyo huyo!"

Akavua glovu taratibu, kama mtu anayepima kama aseme au aache.

"Justa, Jeki nilimhasi mimi. Machi mwaka huu."

"Jeki? Amehasiwa?"

"Alimleta alfajiri, kabla watu hawajaamka. Akanisihi nisimwambie mtu, wenzake karakanani wangemgeuza wimbo. Nikamuuliza nani amekushauri? Akasema kuna mwalimu mmoja jirani yake, huwa anamweleza, na amemwelewa."

Jamani...

Miezi yote ile nilidhani hakuna anayenisikia. Aliyenisikia nikamwita muuaji!

Na mimi sikuwahi hata kumtazama yule mbwa. Ningeinama tu! Ningenyanyua yale manyoya mara moja, ningeona. Mwalimu wa Baiolojia!

"Sasa... mimba ni ya nani?" nikauliza.

"Komando ulimtenga na Kashata wiki ngapi?"

"Kumtenga? Si alishahasiwa?"

Daktari akafumba macho.

"Ile karatasi uliisoma?"

Mkoba ulikuwa pale pale begani. Nikaingiza mkono, nikaitoa, imekunjwa kama nilivyoikunja siku ile. Mstari wa nne:

*Dume atengwe na majike kwa wiki sita baada ya kuhasiwa.*

"Nilikukatia kiwanda," akasema taratibu, "lakini mzigo uliokwishatoka kiwandani ulikuwa bado njiani. Unachukua wiki kadhaa kuisha. Nilikwambia kwa mdomo pia. Nilikwambia dume lolote. Ulikuwa unalia."

Siku kumi. Niliwafungia pamoja siku kumi tu baada ya kumhasi, kwa kufuli, na ufunguo nikatembea nao mfukoni.

Niliporudi nyumbani nikamuuliza mama kuhusu lile shimo.

"La Jeki?" mama akajibu huku anachambua mchele. "Huwa anapita kuja kula ukoko wangu. Nilimzoesha mwenyewe. Wewe hukuniuliza."

Hukuniuliza! Nilitamani ardhi inimeze, nikatamani na mama imshike miguu.

Jumatatu nikavuka barabara. Chenge yupo, Malimi yupo, wote wapo. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakakimbia.

"Shaibu, nimekuja kukuomba msamaha. Jeki hakufanya kitu. Ni Komando wangu. Ni uzembe wangu mimi."

Malimi akainamia spana zake. 

"Kashata vipi?" Shaibu akauliza.

"Amepona."

"Sawa." Akarudi kwenye injini yake.

"Shaibu, nitakwenda mwenyewe Ukerewe kumrudisha Jeki."

"Usiende. Nimeshapiga simu. Watoto wa dada wanalala naye, wamegoma kumtoa." Akakaza nati, akakaza tena, ilhali ilikuwa imeshakaza. "Nilimlea tangu hajafumbua macho, Justa. Ungenipa zile dakika mbili tu."

Nikavuka barabara kurudi nyumbani. 

Kwa hiyo ndugu zangu mnaofuga, naomba mnisikie, maana mimi nimejifunza vibaya. Kuamua kumhasi mbwa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni lini. Jike lina wakati wake, usilipeleke likiwa kwenye joto, wala likiwa halina damu ya kutosha. Dume nalo, likitoka kwa daktari, lina wiki zake za kukaa mbali na majike. Muulize daktari wako tarehe, uandike, uisome tena ukiwa umeshanyamaza kulia. Na kabla hujamwita mtu muuaji mbele ya watu, mpe dakika mbili. Kuwa na nia njema hakukunifanya niwe sahihi, na mwenye nia njema akikosea anakosea kwa kelele kubwa zaidi.

Kashata yuko miguuni pangu ninapoandika. Mjomba bado hasemi na mimi.

Kwenye kundi la mtaa nimefuta niliyoandika na nimeomba radhi, lakini naona watu bado wanaulizana. Ndipo nikaamua kuandika kisa chote hapa. Jana nikampelekea Shaibu asome kwanza. Nilikuwa nimemwita "jirani mmoja," kwa kumficha.

Akasoma mpaka mwisho. Akanirudishia simu.

"Weka jina langu," akasema.

"Una hakika? Chenge na Malimi wataona."

"Waone. Nimechoka kupeleka mbwa kwa daktari kama mwizi. Weka jina, weka na kazi yangu."

Nikaanza kubadilisha pale pale. Alikuwa ameshaanza kurudi kwenye injini yake akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nikaona meno yake.

"Ila andika vizuri, mwalimu. Aliyehasiwa ni Jeki. Siyo mimi."